Vitabu vya Safari katika Somo la Jiografia

Aghalabu kitabu cha kiada cha jiografia humpa mwanafunzi istilahi na fasili yake, kisha humwacha hapo. Mwanafunzi huweza kuandika katika mtihani maana ya barafuto, asiweze kueleza kwa nini ndani ya neno hilo tunaona barafu na mto. Kosa si la istilahi. Istilahi huzoewa kwa kutumiwa, na kitabu cha kiada hakina nafasi ya kuitumia vya kutosha. Nafasi hiyo imo katika vitabu vya safari na vya maelezo ya nchi, vilivyoandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki kimoja cha vitabu hivyo na kuonyesha faida na mipaka yake darasani.

Kitabu chenyewe ni Safari za Wasuaheli, kilichokusanywa na Carl Velten na kuchapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1901. Ndani yake mna habari za Selemani bin Mwenye Chande, aliyekwenda bara na msafara wa biashara. Za Mtoro bin Mwinyi Bakari. Na za Salim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Baadhi ya habari hizo zilitolewa tena na Lyndon Harries mwaka 1965.

Sifa ya kwanza ya kitabu hiki ni kwamba Kiswahili chake hakikutokana na tafsiri. Salim aliwaeleza watu wa pwani nchi ya baridi wasiyopata kuiona, na hapakuwa na orodha ya istilahi ya kumwongoza. Palipokosekana neno, hapakuwa na njia ila kukieleza kitu kwa umbo lake na kazi yake. Hiyo ndiyo hatua ambayo mfasiri wa leo huiruka anapokimbilia kuswahilisha neno la kigeni kabla ya kulielewa.

Sifa ya pili ni maswali ambayo masimulizi haya humpa mwalimu. Mji wa St Petersburg uko karibu na latitudo 60 kaskazini ya ikweta. Je, usiku wa mwezi Juni huko una urefu gani ukilinganishwa na wa Bagamoyo? Misafara ilihesabu njia kwa siku za mwendo. Basi kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, wapagazi wangehitaji siku ngapi, na mvua za masika zingebadili hesabu hiyo vipi? Maswali ya namna hii huzaa skeli, latitudo na majira kutokana na haja ya kujua. Mwanafunzi hapewi maneno hayo kama mzigo wa kubeba hadi siku ya mtihani.

Mipaka yake nayo ni dhahiri. Tahajia yake ni ya kale, na baadhi ya maneno yake hayatumiki tena. Masimulizi hayawezi kuchukua nafasi ya ramani. Zaidi ya hayo, wasafiri wa pwani wa zama hizo waliwatazama watu wa bara kwa jicho la uungwana, na mkusanyaji alikuwa mtu wa dola iliyotawala. Mwalimu asiyafiche hayo. Ayafanye kuwa sehemu ya somo, kwa kuwa kujua nani anaieleza nchi, na kwa ajili ya nani, ni elimu ya jiografia pia.

Wako wanaosema kwamba shuleni vipelekwe tu vitabu vyenye istilahi zilizosanifiwa, wanafunzi wasije wakachanganyikiwa. Hoja hiyo hatuikubali. Wavuvi wa pwani yetu wana neno bamvua kwa maji makuu ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na maji mafu kwa yale madogo yanayokuja kati yake. Mwandishi asiyeyajua ataunda istilahi mpya yenye maneno matano, na afisa anayetoa tahadhari kwa watu wa mwambao ataitumia wasimwelewe. Maneno ya namna hiyo hupatikana kwa watu wenyewe na katika maandishi yao kabla ya kupatikana katika kamati.

Haja hii ni kubwa zaidi kwa kuwa katika shule za serikali za Tanzania Bara mwanafunzi husoma msingi kwa Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza sekondari. Asiyebeba picha kamili ya jambo kwa lugha anayoijua hulazimika kukariri jina lake tu kwa lugha ngeni.

Tunapendekeza basi taratibu tatu. Kwanza, walimu wachague kurasa mbili au tatu za kitabu cha safari kwa kila mada, zisomwe kabla ya fasili kutolewa. Pili, wanafunzi waorodheshe maneno ya msafiri upande mmoja na istilahi sanifu upande wa pili, waeleze tofauti zake. Tatu, wafasiri na waunda istilahi waipokee orodha hiyo kama malighafi, maana humo mtaonekana maneno yetu yaliyo hai ambayo orodha zetu zimeyaacha nje.