Kutoka Kiko hadi Bastola: Kachero wa Kiswahili Alivyobadilika

Maiti imekutwa penye mzimu. Kabla mpelelezi hajatia mguu, msomaji ana jibu lake: wazee wa kale wameudhika. Muhammed Said Abdulla aliyajua mazoea hayo, akayafanya mtego. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapishwa 1960, inamwita msomaji kwa hofu ya mizimu, kisha inamtoa kwa hoja za akili.

Mbinu hiyo aliirudia katika Kisima cha Giningi, 1968. Giningi ni mji wa wachawi katika masimulizi ya Zanzibar, hivyo jina la kitabu peke yake linajenga taharuki. Lakini Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, hatafuti wachawi. Anavuta kiko chake, anauliza maswali, anapima maneno ya watu.

Kiko hicho kina asili yake Uingereza. Arthur Conan Doyle alimtoa Sherlock Holmes mwaka 1887, na Abdulla alichukua umbo lake: mpelelezi asiye polisi, akili kali, na rafiki wa kumsindikiza, Najum. Ila fumbo lenyewe alilisuka upya. Holmes husoma matope ya viatu na majivu ya tumbaku. Bwana Msa husoma nasaba. Nani kamzaa nani, nani kamwoa nani, urithi ni wa nani? Tazama majina tu: Mke Mmoja Waume Watatu, Mwana wa Yungi Hulewa. Katika jamii ambayo mtu hutambulishwa kwa ukoo wake, siri kubwa hufichwa ndani ya ukoo. Hapo ndipo ufundi wa Abdulla ulipo: aliazima fremu, picha akaichora mwenyewe.

Mwaka 1965 Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo. Mpelelezi sasa ni Inspekta Wingo, mtu wa serikali, na hofu inapitia kwenye waya wa simu. Simu humleta mgeni ndani ya nyumba bila kubisha hodi. Ukoo hausaidii tena, kwa sababu anayepiga anaweza kuwa yeyote.

Elvis Musiba alikwenda mbali zaidi. Katika Kufa na Kupona, 1974, Willy Gamba ni jasusi mwenye bastola, na adui yake ni wale wanaopiga vita ukombozi wa kusini mwa Afrika. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) tangu 1963. Msomaji wa mji huo hakuhitaji kuelezwa kwamba majasusi wapo. Ndiyo maana swali likageuka. Kwa Bwana Msa tunauliza: nani aliua? Kwa Gamba, mara nyingi adui tunamjua, tunauliza: atawahiwa? Fumbo likawa mbio, na sentensi nazo zikafupika.

Wahakiki wengi waliziweka kazi hizi kwenye kapu la riwaya pendwa, mbali na riwaya dhati, kana kwamba kitabu kinachosomwa usiku kucha hakiwezi kuwa na ufundi. Nakataa. Mwandishi anayemshika msomaji hadi ukurasa wa mwisho anajua lini afiche na lini afichue, na hiyo ni kazi ngumu. Tena amehifadhi kitu ambacho nyaraka za serikali hazikihifadhi: watu walikuwa wakiogopa nini mwaka 1960, na nini mwaka 1974.

Kwa hiyo mwalimu wa fasihi, wape wanafunzi wako Mzimu wa Watu wa Kale, Simu ya Kifo na Kufa na Kupona kwa mfuatano wa miaka, na kwa kila kimoja uwaulize mambo matatu: siri imefichwa wapi, mpelelezi anatumia silaha gani, na nani anaogopwa. Majibu yao yatakuwa historia ya utanzu huu.