"Wahanga" au "Waliouawa"?

Kila ifikapo tarehe 27 Januari, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2005 kuwakumbuka waliouawa na Wanazi, wakiwamo Wayahudi wapatao milioni 6, baadhi ya tafsiri zetu huwaita marehemu hao "wahanga". Twalipinga neno hili. Mhanga ni aliyejitoa, au aliyetolewa, kafara. Lamfaa shujaa afiaye nchi yake. Waliosafirishwa kwa magarimoshi hadi Auschwitz hawakujitoa, wala hapakuwa na mwenye haki ya kuwatoa. Neno "Holokosti" lenyewe lina kasoro hiyo hiyo, kwani asili yake ya Kiyunani ni sadaka ya kuteketezwa. Ndiyo sababu Wayahudi wengi hupendelea "Shoah". Nasi twapendekeza "Maangamizi ya Wayahudi".

Mtafsiri wa sheria na ajihadhari zaidi. Atoaye kafara hashtakiwi. Aliyeua hushtakiwa, kama ilivyokuwa Nuremberg mwaka 1945. "Waathirika" nalo ni dhaifu mno: hata aliyenyeshewa mvua huathirika. Kwa waliokufa yatosha kusema "waliouawa", na kwa waliosalia, "manusura".