Vikundi vya Kusoma na Kazi ya Kiranja

Wako walimu wausifuo mpango wa kuwagawanya watoto katika vikundi vya kusoma kana kwamba umezaliwa jana. Walakini mpango huo ni wa kale. Andrew Bell aliuandikia kitabu mwaka 1797, baada ya kuutumia shuleni huko Madras, Bara Hindi. Na Joseph Lancaster wa London akatoa chake, Improvements in Education, mwaka 1803. Hicho cha Lancaster ndicho nipendacho kukipima hapa, maana makosa yake yangali madarasani mwetu.

Tumpe kwanza haki yake. Aliwapanga watoto kwa kadiri ya kusoma kwao, wala si kwa umri. Tena mtoto aliweza kuwa mbele katika hesabu na nyuma katika kusoma. Vitabu vilikuwa ghali, basi kurasa zilichapwa kwa herufi kubwa, zikatundikwa ukutani, watoto wakasimama nusu duara kuzisoma. Kwa darasa lenye vitabu 3 na watoto 60, hiyo ni hekima ya kuigwa. (Adhabu zake, kama ile ya kumtundika mtoto ndani ya kikapu, tumwachie mwenyewe.)

Kasoro ni kwamba kila kundi lilifundishwa na kiranja, mtoto mwenzao, naye mwalimu akawa msimamizi tu. Kiranja husikia sauti. Maana ni vigumu kwake kuipima. Kwa Kiswahili hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa herufi zetu hazigeuki-geuki sauti: mtoto aliyekwisha kushika ba, be, bi, bo, bu aweza kutamka ukurasa mzima pasipo kukwama, kisha ukimwuliza yule mzee wa hadithi alirudi nyumbani kwa nini, akutazame tu. Na kiranja amekwisha kumtilia alama ya vema.

Nasi twazidisha kosa. Mara nyingi mwalimu hukaa na wasomaji hodari, maana kuwasikiliza ni raha, na kundi la nyuma huachiwa kiranja. Hivyo wanyonge wa kusoma hupewa mwalimu mnyonge kuliko wote, kisha mwisho wa mwaka twasema hawana akili.

Kulitengeneza jambo hili si kazi ngumu. Watoto 60 ni vikundi 6 vya watoto 10. Mwalimu akikaa na vikundi 2 kila siku, dakika 15 kwa kila kimoja, katika siku 5 za juma amekaa mara 10. Vikundi 2 vya nyuma vipewe mara 3 kila kimoja; vile 4 vilivyobaki, mara moja moja. Waliokwisha kusoma vema hawatapotea kwa kuachwa na kitabu chao siku nne.

Viranja nao wasinyimwe kazi. Wagawe vitabu, watunze utulivu, wasikilize tena ukurasa ambao kundi limekwisha kuusoma na kuuzungumza pamoja na mwalimu. Ukurasa mpya wausubiri mwalimu, hata ikiwa ni mpaka kesho.