Uzi Usibaki Nyuma: Kudarizi kwa Sufu, Uingereza na Masasi

Geuza shuka la kudarizi upande wa nyuma. Kama ua lilijazwa kwa mishono iliyolala sambamba, sindano ikizunguka chini na kuibukia kila mara upande ilikoanzia, utakuta ua la pili huko nyuma, limekula uzi karibu sawa na la mbele. Kwa uzi mwembamba wa pamba hasara hiyo huvumilika. Kwa sufu ni ubadhirifu, na mafundi wa Uingereza walikwishapata dawa yake karne ya 11.

Ushahidi ni ule utepe mpana wa kitani unaojulikana kwa jina la mji wa Bayeux, Ufaransa, ambao wataalamu wengi wanaamini ulidariziwa Uingereza miaka ya 1070. Una urefu wa karibu mita 70 na kimo cha nusu mita, umejaa farasi, majahazi na askari. Mistari ya nje ni mshono wa shina: kila hatua mpya inaanzia katikati ya ile iliyopita. Maajabu yako ndani ya maumbo. Uzi unatandazwa toka ukingo hadi ukingo. Ukifika mwisho, sindano inachota nyuzi chache tu za kitambaa, inaibukia palepale, inarudi juu kwa juu. Kisha nyuzi nyingine zinakingamishwa kwa nafasi ya milimita chache, na kila moja inabanwa kwa vishono vidogo. Sufu karibu yote iko mbele. Nyuma kuna nukta tu.

Mshono huo una kasi pia. Wanawake wapatao 35 wa mji wa Leek, Uingereza, wakiongozwa na Elizabeth Wardle, walianza nakala kamili ya kazi hiyo mwaka 1885 na kuimaliza 1886.

Wanaojifunza leo hukimbilia mtindo wa karne ya 17, wenye majani makubwa yaliyopindapinda na miti iliyoiga vitambaa vya India. Ni mzuri, lakini jani moja linaweza kutaka mishono sita tofauti. Anza na mshono wa Bayeux.

Sindano ya shule si ngeni huku kwetu Masasi. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianzisha kijiji hapa mwaka 1876, na shule yake ya wasichana ya Mbweni, Unguja, ilifundisha kushona. Mke wa Cecil Majaliwa, kasisi wa Chitangali huku kusini aliyepewa upadri 1890, alitoka Mbweni. Ila mapazia yaliyodariziwa kwa sufu ya kuzungushia kitanda, waliyoyatundika Waingereza kuzuia baridi, yangekuwa adhabu kwenye joto la Mkomaindo, hapa Masasi, mwezi Novemba. Baridi ya Newala mwezi Julai ni habari nyingine, ingawa hata huko ningedarizi mto au kitambaa cha ukutani.

Kitambaa kiwe drili. Mapazia mengi ya karne ya 17 yalikuwa ya kitani na pamba yenye ufumaji wa mshazari, na drili ina mshazari huohuo. Kitambaa chepesi cha marekani kitajikunja chini ya uzito wa uzi. Toboa mchoro kwenye karatasi kwa sindano, ilaze juu ya kitambaa, pitishia vumbi la mkaa, kisha unganisha nukta kwa kalamu.

Uzi wa sweta unaouzwa madukani mara nyingi ni akriliki, si sufu. Nondo hawauli, na hiyo ni faida kubwa. Kasoro yake ni kuvutika: ukiukaza wakati wa kutandaza, utajirudi ukishatoa kazi kwenye fremu na kitambaa kitafanya makunyanzi. Ulaze tu, usiuvute. Kama ni mnene, fumua msokoto wake na utumie nyuzi mbili kati ya nne. Kata kipande kisichozidi sentimita 45, maana kila tundu linauparura, na sindano iwe na ncha kali na tundu refu.

Pasi ya mkaa ndiyo huharibu kazi nyingi, kwa sababu akriliki hulainika kwa joto na kulala bapa moja kwa moja. Laza upande wa mbele juu ya taulo, tandika kitambaa chenye unyevu juu ya mgongo wake, gusa kwa pasi iliyokwisha kupungua moto, inua, gusa pengine.