Gogo la Kwanza

Kijana anayetaka kujifunza kuchonga hapa Moshi huanza kwa kuulizia mpingo. Ndio mti wenye sifa. Vinyago vya Kimakonde vimelipeleka jina lake hadi nchi za mbali, na hata mbao nyeupe hupakwa rangi ya viatu ili zifanane nao. Fundi mwenye subira humwacha kijana amalize maneno yake, kisha humpeleka pembeni ya karakana, kwenye rundo la mabaki ambayo mpita njia angeyaona kuni.

Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama. Fundi mzoefu huukabili kwa tezo kali, kisha patasi na tupa, na bado kila baada ya muda hurudi kwenye jiwe la kunolea. Mikononi mwa asiyezoea, kisu huteleza na kurukia kidole, na mwisho wa siku anakuwa amejifunza kutumia nguvu tu. Wamakonde wenyewe, muda mrefu kabla ya wanunuzi wa kigeni kuufanya mpingo kuwa biashara kubwa katika karne ya 20, walichonga barakoa za ngoma za jando kwa miti myepesi. Mchezaji alipaswa kuivaa na kucheza nayo, kwa hiyo wepesi ulikuwa sehemu ya kazi. Hakuna aliyewaita wanafunzi kwa sababu hiyo.

Ukipanda kutoka mjini kwenda Kibosho, Old Moshi au Marangu, unaingia kwenye vihamba, yaani mashamba yanayozunguka nyumba, na hapo ndipo penye ghala la mwanafunzi. Chini kuna kahawa, juu yake migomba, na juu ya migomba kuna miti ya kivuli. Miti hii haikuachwa hai kwa bahati. Mmoja unalisha nyuki, mwingine unatoa majani ya mbuzi, mwingine dawa, mwingine mbao. Mchongaji huitazama kwa jicho lake tofauti: anatafuta mti utakaokubali kisu na utakaomwonyesha mwanafunzi alipokosea.

Msesewe ndio wa kwanza. Anayeijua mbege anaujua, maana magome yake ndiyo yanayotia uchungu katika pombe hiyo ya ndizi na ulezi. Chini ya gome kuna mti mweupe, mwepesi, unaokatika kwa utulivu. Mafundi wa zamani waliutumia kwa ngoma na vyombo vya nyumbani. Kasoro yake ni kutodumu: ukiachwa kwenye unyevu hubadilika rangi, na wadudu huupenda. Gome lake lina utomvu mweupe na dawa kali, kwa hiyo limenye lote, nawa mikono, na usiufanye mwiko wa kwanza wa mtoto. Kwa ndege mdogo au sura ya mtu, unatosha kabisa.

Baada yake uje mringaringa, wenye maua meupe yanayowavuta nyuki. Kiini chake ni cha kahawia yenye wekundu kidogo, na sehemu ya nje imepauka. Ni mti wa mizinga, vinu, ngoma na samani. Una ukakamavu zaidi kuliko msesewe, ila haugombani na kisu kilichonolewa. Mpaka kati ya kiini na sehemu ya nje humlazimisha mwanafunzi kuamua mapema: rangi hii ikae usoni au mgongoni?

Mgrivea ulitoka Australia ukaletwa Afrika Mashariki kuwa kivuli cha mazao, na sasa karibu kila shamba unao. Ukiupasua kuelekea kwenye kiini, madoa yanayong'aa hujitokeza juu ya ubao. Hupasuka kirahisi, na kwa sababu hiyo hufundisha upesi habari ya nyuzi. Vumbi lake huwawasha baadhi ya watu. Mparachichi nao usidharauliwe: mti wa zamani unapokatwa ili ubebeshwe aina mpya, matawi manene na laini huishia jikoni kabla mchongaji hajasikia habari. Mbuni mzee uliong'olewa ni mgumu, wenye nyuzi za karibukaribu. Huo uwekwe kando hadi mkono utulie.

Uzuri wa fundi huonekana anapochagua. Kwanza hulinyanyua gogo. Likiwa zito kupita ukubwa wake, bado lina maji mengi au ni la jamii ngumu. Hulikata kidogo, kisha hukandamiza ukucha wa kidole gumba palipokatwa. Alama ikibaki, kisu kitapita. Hutazama ncha zote mbili akitafuta nyufa, matundu ya wadudu na unga mwembamba unaodondoka. Vifundo huvikwepa, kwani nyuzi huzunguka kifundo na kisu hupoteza njia. Mwisho hupasua kipande cha pembeni kwa panga. Mpasuko ukinyooka, gogo limepita. Ukijipinda, ni la kuni.

Mpasuko huo humwonyesha mwanafunzi jambo atakaloishi nalo miaka yote. Kisu kikifuata nyuzi, kikishuka kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, huacha uso laini. Kikienda kinyume, huzama na kubandua kipande ambacho hakikukusudiwa. Mti laini husamehe kosa hilo mara nyingi, na hapo ndipo ulipo ubora wake.

Mti mbichi huchongeka kwa urahisi zaidi, lakini ukikauka husinyaa, na husinyaa kwa kuzunguka takriban mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea kiini. Gogo zima haliwezi kuvumilia tofauti hiyo, hivyo hupasuka. Dawa yake ni kulipasua katikati mapema, kuondoa kiini cha ndani kabisa, kupaka nta au rangi kwenye ncha, na kuliweka kivulini. Kazi ambayo haijaisha hufunikwa kwa maranda usiku ili isikauke haraka.

Fundi huuliza pia gogo limetoka wapi. Msitu ulio juu ya vihamba, wenye mikulo na mipodo, ni wa Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, na haukatwi. Hata mti wa shambani una taratibu za kibali. Mwanafunzi hana haja ya kuangusha mti wowote: matawi yaliyopunguzwa ili kahawa ipate jua na mabaki ya maseremala yanamtosha. Wakamba wa Kenya walilijua hili kwa gharama. Biashara yao ya vinyago ilipomaliza muhugu na mpingo wa karibu, wachongaji wengi walihamia mwarobaini, mwembe na mjakaranda, na kazi zao zikaendelea kununuliwa.

Mpingo wenyewe una watetezi hapa hapa. Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea kutoka Kibosho, alishirikiana na Wamarekani wawili, James Harris na Bette Stockbauer-Harris, kuanzisha mwaka 1996 mradi wa kuupanda upya. Mwaka 2002 alipata tuzo ya Rolex kwa kazi hiyo, na hadi alipofariki mwaka 2014 alikuwa ameshirikisha shule na vikundi vingi katika kuotesha miche. Mpingo huchukua kiasi cha miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Anayeshika kisu leo, basi, asione haya kuanza na tawi la msesewe. Ana muda wa kutosha kujifunza kunoa.