Harufu, Kumbukumbu na Lugha katika Riwaya ya Aniceti Kitereza

Uhakiki wa riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali umezoea kuisoma kama hazina ya mila za Wakerewe. Mkabala huo una msingi, lakini una hasara yake: maelezo ya chakula, pombe na dawa huhesabiwa kuwa taarifa za kiethnografia tu, ilhali mengi yanabeba hisia. Myombekere anapotozwa pombe ya ndizi na wakwe zake ili arudishiwe mkewe, msimulizi haendi haraka. Anaifuata kazi hatua kwa hatua. Msomaji aliyekulia Ukerewe hahitaji kutajiwa harufu ya ndizi zinazoivishwa au ya maji yake yanayochacha. Kazi ikitajwa, harufu huja yenyewe, na pamoja nayo upweke wa mume asiye na mwenzake.

Fiziolojia inaeleza sehemu ya jambo hili: taarifa za harufu hufika kwenye maeneo ya ubongo yanayohusika na hisia na kumbukumbu bila kupitia kwanza thalamasi, tofauti na taarifa za macho na masikio. Lugha nayo ina mchango wake. Katika Kiswahili mtu husikia harufu, kama asikiavyo njaa na maumivu. Kitenzi nuka hulaumu; nukia, kilichoundwa kwa kauli ya kutendea, husifu, kana kwamba harufu njema ni ile inayomwendea mtu. (Hoja hii isivutwe mno, kwani “ananinukia” huweza kuwa lawama.) Nomino mahususi ni chache, na nyingi ni za karaha: uvundo, kikwapa, shombo, vumba. Mbili za mwisho huhusishwa na samaki. Kwa mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, harufu hiyohiyo ni ada ya shule na kodi ya nyumba, lakini msamiati aliopewa umekwisha kumhukumia.

Uhaba huo si wa pua ya binadamu. Utafiti wa Asifa Majid na Niclas Burenhult, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kuwa Wajahai wa Rasi ya Malay hutaja harufu kwa wepesi kama wanavyotaja rangi.

Kitereza alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, kisha akaitafsiri mwenyewe. Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980. Hivyo mwendo wa polepole unaowachosha baadhi ya wasomaji una kazi: unasimulia kitendo pale ambapo Kiswahili hakina jina. Mbinu hiyo ina mpaka, kwani msomaji wa Tanga asiye na kumbukumbu hizo huweza kuambulia mapishi matupu. Ni ulinganishi na muswada wa Kikerewe pekee utakaoonyesha majina ya harufu aliyokuwa nayo mwandishi kabla ya kuvuka kuingia katika Kiswahili.