Mashabiki, Sanamu na Nakala ya Kwanza

Wajapani huwaita waimbaji vijana wanaoshabikiwa "aidoru", neno la Kiingereza ambalo asili yake ni sanamu ya kuabudiwa. Kundi la AKB48, lililoanza mwaka 2005 mtaani Akihabara, Tokyo, lilijengwa juu ya wazo la mwimbaji ambaye shabiki anaweza kukutana naye na kumpa mkono. Kuanzia 2009 hadi 2018 mashabiki walipiga kura kuchagua nani asimame katikati ya jukwaa. Karatasi ya kura iliwekwa ndani ya CD. Aliyenunua CD kumi alipata kura kumi. Wapo walionunua nakala nyingi za wimbo uleule, si ili wausikilize, bali ili mpendwa wao apande.

Tusiharakishe kucheka. Mbali na ugomvi wa Team Kiba na Team Diamond kwenye simu za vijana wetu, tunaufahamu uzinduzi wa albamu ya kwaya, Moshi mjini hata Marangu na Machame. Mgeni rasmi hununua nakala ya kwanza kwa bei inayozidi sana ile ya kawaida. Wengine hufuata, majina na viwango vikitangazwa, na vigelegele hupanda pamoja na fedha. Anayenunua nakala hamsini, je, amependa wimbo au kutajwa?

Hatuulaumu mchango wenyewe; vyombo na sare havishuki kutoka mbinguni. Tena mnada wa baada ya ibada una heshima yake: mama asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi au mayai, na ushindani wa wanunuzi huikuza sadaka yake. Hapo anayeinuliwa ni mtoaji mdogo. Katika uzinduzi anayeinuliwa ni mwenye nazo. Mjane wa Marko 12 alitoa senti mbili, wala jina lake halikutangazwa, lakini Bwana alimwona.

Hata hivyo, mashabiki wa Tokyo wanatuzidi kwa jambo moja. Binti anayeimba safu ya nyuma ana mtu anayelijua jina lake na aliyesafiri kumwona. Je, sisi tunamjua mwimbaji wa alto anayeshuka mlimani kwa miguu kuja mazoezini?

Basi uzinduzi ujao, albamu iuzwe kwa bei moja kwa wote, na majina yatakayosomwa kwa kipaza sauti yawe ya wanakwaya, mmoja mmoja, kuanzia safu ya nyuma.